Mtaro Ulioishia Mpakani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si siku ya msiba wenyewe. Ni siku ya kazi tu, asubuhi ya jua jepesi baada ya mvua, nami nimesimama nyuma ya nyumba ya baba yangu kule Kilolo, sururu mkononi, nikitazama ardhi ya mawe iliyokuwa mbele yangu. Nilifuta jasho, nikajiambia, "Hapa panatosha." Maneno mawili hayo nimezeeka nayo. Sasa nakupa wewe, si kwa sababu ni urithi mzuri, ila kwa sababu sina mwingine ulio wa kweli zaidi.

Niwie radhi nikienda polepole. Mzee akisimulia kosa lake hutembea kama mtu anayeshuka mlima wakati wa utelezi. Kila hatua anaijaribu kwanza.

Jina langu la ubatizo ni Zakaria. Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na jembe lilikuwa limenichosha. Nikapanda lori la mizigo hadi Mbeya, safari ya vumbi kutoka kichwani mpaka kucha, nikamwomba fundi mmoja Mnyakyusa aliyeitwa Ambokile anifundishe kazi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa mapaa ya bati na maji ya mapaa hayo.

Nyinyi mmezaliwa mkakuta bati, hamjui lilivyotujia. Sisi tulikulia chini ya nyasi. Paa la nyasi huinywa mvua taratibu, kama mzee anavyokunywa uji, na kinachobaki hudondoka kwa upole. Bati halinywi kitu. Kila tone linalolipiga hulitema palepale, na mvua ya saa moja juu ya bati ni kijito. Ndiyo maana mwenye bati anahitaji mfereji chini ya kingo za paa, ule tunaouita gata, na bomba la kuyateremsha maji, na mtaro wa mawe wa kuyapeleka mbali na msingi. Bila hivyo paa lako jipya litaichimbia nyumba yako kaburi.

Hayo yote Fundi Ambokile alinifundisha: kupinda bati, kulitia lehemu, kuupa mtaro mwinamo kwa pimamaji. Na kitu kimoja zaidi alinifundisha, nacho ndicho sikukishika.

Mwaka wangu wa pili kwake tulikuwa tunafanya kazi kwenye nyumba ya mwenye duka la vitambaa, Mhindi mmoja wa pale mjini. Mtaro niliuchimba mimi. Nikaupitisha chini ya ua, nikamwita fundi aje auone. Hakuukagua. Aliniambia tungoje mvua. Ilipokuja alinitoa nje bila mwavuli, tukayafuata maji kwa miguu mpaka tukatokea mtaa wa nyuma, kwenye uwanja wa dobi. Maji yetu yalikuwa yanapita katikati ya mabeseni yake, na dobi mwenyewe amepanda juu ya kigoda, amekumbatia mashuka ya watu.

"Mtaro una vichwa viwili, kijana," fundi akasema. "Mwenye nyumba atakuonyesha kimoja, pale maji yanapoanza. Cha pili hakuna atakayekuonyesha. Hicho ndicho chako."

Akanipeleka mbele ya dobi, akanifanya niombe radhi nikiwa nimelowa chapachapa, na kesho yake nikaufukia mtaro wote na kuchimba mwingine. Nilikasirika, mwanangu. Nilimwona ni mzee anayependa kumdhalilisha kijana wa watu. Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, baba akanifunza, fundi akanifunza, na bado nikauachia ulimwengu sehemu yake.

Baada ya miaka minne baba aliniita nyumbani. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa pareto, mguu wake wa kushoto mbovu tangu siku alipoangukiwa na gogo la mti. Alikuwa amejenga nyumba ya tofali za kuchoma na kuiezeka bati, ya kwanza katika kilima chetu. Lakini aliyemwezekea hakumwekea gata. Mvua za mwaka mmoja tu zilikuwa zimechimba handaki kuzunguka msingi, na ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa unaoingia kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta, baba aliandika kwenye barua, na mimi ndiye fundi wake.

Nilirudi na vyombo vyangu kwenye gunia, na kifua mbele. Kwa wiki tatu nilifanya kazi ambayo hata leo sioni aibu kuisema: gata zilizonyooka, mabomba mawili ya kuteremsha maji, mtaro wa mawe uliozunguka nyumba nzima. Mvua ya kwanza iliponyesha watu walikuja kusimama barazani kuyatazama maji yakienda kwa mstari, yakiuacha msingi peke yake. Walimpongeza baba. Walinipongeza mimi. Sifa ni kama ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mwanangu. Wa asubuhi ni mtamu tu kama maji ya sukari, lakini ukiendelea kuunywa mpaka jioni hutajua umekaa wapi.

Kilichobaki kilikuwa kile kichwa cha pili. Nyumba ya baba ilikuwa mgongoni mwa kilima. Kushoto kulikuwa na korongo, ambamo maji yangeweza kushuka mpaka mtoni bila kumgusa mtu. Lakini kati ya nyumba na korongo palikuwa na ardhi ya mawe, kazi ya siku nne za sururu kwa hesabu yangu. Mbele moja kwa moja kulikuwa na mteremko laini mpaka kwenye ua wa matete, mpaka wetu. Na chini ya matete ilikuwa nyumba ya Yusto.

Yusto tulikua pamoja. Tulichunga mbuzi pamoja na tulibatizwa Jumapili moja. Alikuwa ameoa msichana mmoja mtaratibu aliyeitwa Elizabeti, wana binti wa miaka mitatu, Tumaini. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi na paa la nyasi. Tofali mbichi si kitu kibaya. Likiwa kavu litamzika aliyelifyatua na kuwalea wajukuu wake. Lakini likilowa miguuni halina ujanja.

Nayajua haya leo, na niliyajua siku ile. Usije ukafikiri nilikosa kwa kutojua. Nilisimama pale na sururu, nikasikia wenzangu wakicheka kwenye mianzi upande wa pili, ulanzi ulikuwa umeanza kutoka, nikatazama mawe, nikatazama mteremko. Nikasema hapa panatosha. Nikaukomesha mtaro wangu kwenye matete.

Jioni baba aliniuliza kutoka kwenye kiti chake barazani, "Maji yanaishia wapi, Zakaria?"

"Korongoni, baba."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Hakuuliza tena. Kwa mguu ule asingeweza kuteremka kutazama, na hakuwa na sababu ya kudhani mwanawe anamdanganya kwa kitu kidogo kama mtaro.

Wiki ya pili baada ya hapo Yusto alinikuta nimekaa na vijana wenzangu. Alikuja akitabasamu, akanisalimu kwa kikwetu kama ndugu.

"Kamwene, mnyalukolo."

"Kamwene."

"Maji ya mzee yamenitembelea jana," akasema. "Yamefika mpaka nyuma ya nyumba, wala hayakubisha hodi."

Alilisema kwa utani ili nisione haya mbele za watu. Ndivyo jirani mwema anavyoleta lalamiko lake la kwanza, mwanangu. Hulifunga kwenye kicheko kama mtu anavyofunga kaa la moto kwenye majani, lisikuunguze mkono. Nami nikamjibu, "Maji hufuata mkondo, Yusto. Mimi sikuumba mlima."

Wenzangu walicheka. Yeye naye akacheka kidogo, akakaa kitambo kifupi, akaaga. Methali nilikuwa nayo, na ni methali ya kweli. Lakini methali kinywani mwa mwenye kiburi ni jiwe mkononi mwa mlevi.

Yusto akachimba tuta nyuma ya nyumba yake. Lilishika siku chache, kisha maji yakalipanda. Kuja kuchimba kwenye ardhi yetu hakuweza, haikuwa yake. Kwenda kwa baba angeweza, na hakwenda. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakutaka kunichongea kwa mzazi wangu. Alikuwa akinisitiri wakati mimi namlowesha.

Aliyekuja mara ya pili alikuwa Elizabeti. Nilikuwa nanoa patasi nje, akasimama mbali kidogo kama heshima ya shemeji inavyotaka.

"Shemeji, samahani kukusumbua kazini."

"Hunisumbui. Karibu."

"Ule ukuta wa chumbani umelowa mpaka hapa." Akaweka mkono juu kidogo ya goti. "Nikiushika, udongo unabaki kiganjani."

Nikamwambia nimesikia, nitaumalizia mtaro. Akauliza lini. Nikasema Jumatatu.

"Jumatatu hii inayokuja?"

"Hii hii."

Akafikiri. "Mimi nilikuwa namwambia Yusto tuhamie kwa mama mkwe kwanza, mpaka mvua ipungue."

"Hakuna haja ya kuhama, shemeji," nikasema. "Mimi ni fundi. Ukuta ule nimeuona kwa mbali, hauna neno."

Nilikuwa sijauona hata kwa mbali. Sikutaka tu wahame, kwa sababu wakihama watu watauliza sababu, na sababu itapanda kilima mpaka kwenye kiti cha baba. Akaniamini. Akashukuru, mwanangu. Akasema asante, akageuka akaenda zake.

Jumapili lori lilipita na ujumbe kutoka Iringa mjini. Kulikuwa na jengo jipya la shule linaloezekwa, wanataka fundi wa gata, wanamtaka mara moja. Jambo lile lilinikaa kichwani kama kofia mpya. Nikajiambia nitakwenda wiki mbili, kisha nitarudi kumalizia. Ahadi ni deni, tunasema sisi sote, na sisi sote tunajua namna ya kulisogeza mbele.

Jumatatu asubuhi niliteremka kwa njia inayopita chini ya nyumba ya Yusto. Elizabeti alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona akanyoosha mgongo, akainua mkono, akidhani nimekuja kuanza kazi. Mimi nikanyoosha kidole kuelekea barabarani, kumwonyesha kwamba nina haraka. Akaushusha mkono wake. Sikusimama. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Siku ya tisa dereva wa lori alinikabidhi barua. Mwandiko wa baba ulikuwa wa herufi kubwa, maana alijifunza kuandika ukubwani. Maneno yake nayajua kama Baba Yetu. "Zakaria. Ukuta wa Yusto umeanguka jana mchana. Elizabeti alikuwa ndani. Amefariki. Nimeteremka mwenyewe kwa fimbo, nimeona mtaro unakoishia. Baba yako."

Hakuniambia njoo. Hakuniambia usije.

Nilifika wakiwa wamekwisha kuzika. Nikasimuliwa kipande kipande. Mvua ilianza asubuhi, ikashika mpaka adhuhuri bila kupumzika. Yusto alikuwa kwenye pareto, mtoto yuko kwa bibi yake. Elizabeti alikaa chumbani, ameegemea ukuta, anabambua maharage. Waliokuwa karibu walisikia kishindo kimoja kizito, kama gunia linaloshushwa. Walichimba kwa mikono na majembe. Walipomfikia hakuwa na jeraha kubwa la kuonekana. Udongo tu ulikuwa umemlalia.

Pale msibani watu walinisogezea nafasi nikae. Hakuna aliyenitukana. Niliomba moyoni anyanyuke mtu mmoja anipige, hakunyanyuka mtu. Waliendelea kula ugali na njegere, wakaniletea na mimi sahani, nikaishika mpaka ikapoa.

Yusto alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe. Nikamwendea nikapiga magoti. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa mbali, kisha akatazama pembeni.

Siku ya kuanua matanga nilipita kwenye kifusi. Maharage aliyokuwa akibambua yalikuwa yametawanyika kwenye udongo wa ukuta, yameanza kuchipua. Nimeona mengi maishani mwangu, mwanangu, nimezika watu wangu mwenyewe. Yale machipukizi ya kijani kwenye ukuta uliolala ndiyo yaliyonivunja. Nililia pale kama mtoto, na hakuna aliyekuja kuninyamazisha, nao walikuwa na haki.

Jumbe aliketi na wazee. Wakasema ng'ombe. Wakataja idadi, baba akakubali kabla hawajamaliza. Ndipo Yusto akasimama, akaomba ruhusa ya kusema.

"Wazee wangu, sitaki ng'ombe," akasema. "Nitamweka wapi? Kila asubuhi nitamfungulia zizi nikijua ametoka kwa nani."

Akakaa. Kikao kikaisha hivyo, bila hukumu. Mtu anayefikiri kusamehewa faini ni bahati hajawahi kubaki na hatia isiyo na mahali pa kulipia.

Kesho yake nilichukua sururu nikaenda kwenye yale mawe. Nilichimba peke yangu. Vijana wale waliocheka nami hawakuonekana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mikono ilitoka damu nami nikafurahi kuiona, kana kwamba damu ile ingeweza kuhesabiwa. Siku ya tano mtaro ukaingia korongoni. Siku tano tu, mwanangu. Mvua iliyofuata maji yalipinda yenyewe penye matete, yakaenda kushoto, yakaanguka korongoni na kupotea, wala tone moja halikuteremka upande wa chini. Ilikuwa kazi safi. Hapakuwa na mtu kule chini wa kuihitaji.

Baba hakunifokea. Siku moja niliporudi kutoka shambani nilikuta ameshahamisha kitanda chake kwenye jiko la nyuma, lile la udongo na nyasi. Nikamwuliza, "Baba, kuna nini?"

"Nasikia vizuri mvua huku," akasema.

Hakulala tena chini ya bati lake mpaka alipokufa. Nyumba aliyoitolea jasho miaka mingi aliiacha ikawa ya wageni na ya kuhifadhia mahindi. Kuta zake ziko imara mpaka leo, hazina ufa. Mtu mgeni akipita atasema hapa palijengwa na watu wenye akili.

Nilirudi Mbeya kwa sababu sikujua pa kwenda. Nikamsimulia Fundi Ambokile yote, sikuficha uongo niliomwambia baba wala Jumatatu niliyompa Elizabeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, pimamaji yake mkononi. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Mimi nilikufundisha mikono," akasema. "Mengine nilidhani umekuja nayo kutoka kwenu."

Hakunifukuza. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine kadhaa, na hakulirudia neno hilo. Hakuhitaji.

Yusto naye aliondoka Kilolo. Alikwenda Igawa, kule bonde la Usangu, akalima mpunga. Wanaojua walisema alitafuta nchi tambarare, mahali ambapo hakuna wa juu wala wa chini. Lori letu la kwenda Mbeya lilikuwa linasimama pale, dereva anakunywa chai, na mimi nabaki juu ya mizigo, nimejifunika koti usoni. Nilifanya hivyo safari nyingi mno. Hatimaye kiangazi kimoja niliteremka.

Nilimkuta anatengeneza kingo za majaruba. Aliniona kwa mbali, akaendelea na jembe lake mpaka alipomaliza kipande kile. Akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa kwenye kata. Tukazungumza habari za mpunga. Binti yake Tumaini akapita na kuni kichwani, mrefu, mtaratibu, sura ni ya mama yake kabisa. Akatua mzigo, akapiga goti, "Shikamoo, baba."

Nikashindwa kuitikia vizuri. Akamwuliza baba yake mimi ni nani.

"Ni mtu wa kwetu," Yusto akasema. "Anapita tu."

Alipoingia ndani nikasema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga njia nzima, kikatoka vipande vipande. Yusto alitazama majaruba yake.

"Elizabeti alitaka tuhame," akasema. "Siku ile alirudi kutoka kwako akaniambia, fundi amesema hakuna haja. Nikamwambia, kama ni Zakaria aliyesema, basi." Akakwangua udongo kwenye jembe lake. "Mimi ndiye niliyemwambia angoje. Wewe unakuja kwangu kuomba. Mimi nitakwenda kwa nani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

"Nimekusamehe," akasema, "kwa sababu nasali, na siwezi kusali nikiwa nimelishika kosa lako. Lakini usije tena, Zakaria. Ukija nayaona yote upya."

Nikaaga. Sikwenda tena. Nilisikia alipofariki, miaka mingi baadaye, na hata mazishini sikwenda, maana alikuwa ameniomba, na hilo ndilo ombi lake pekee nililolitimiza.

Basi, mwanangu, nimefika kwenye neno langu. Wewe unajenga sasa, na usipojenga nyumba utajenga kitu kingine: kazi, familia, jina. Kila unachokijenga kina maji yake, kina uchafu wake na kelele zake, na vyote hivyo vinamwangukia mtu. Kabla hujasema umemaliza, shuka ukaangalie mtu huyo ni nani. Shuka kwa miguu yako. Usitume macho ya kukisia.

Jirani akikuletea neno, hata akilileta kwa mzaha, acha chakula chako uende naye. Ukishindwa kwenda, mwambie kweli kwamba umeshindwa, ili ajue namna ya kujiokoa. Afadhali umnyime ahadi kuliko kumpa ya uongo akaiegemea. Na usitumie ujuzi wako kumtoa mtu kwenye woga wake wa haki. Mwanamke yule aliushika ukuta kwa kiganja chake akaujua. Mimi nilikuwa na pimamaji na jina la fundi, nikamwambia hajui.

Usiniambie Mungu atanipa faraja. Wachungaji wameniambia, nao ni watu wema. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyemwaga nimeishi vya kutosha kuhakikisha kwamba ni kweli. Majuto ni mjukuu, wanasema; wangu amekua, ameota mvi, anakaa nami nyumba moja. Sitaki aje kwako.

Mungu akujengee, mwanangu. Akupe paa lisilovuja na ardhi inayokubali mtaro. Akupe jirani wa kukuambia ukweli mapema, na miguu ya kwenda naye siku hiyohiyo. Wote wanaoishi chini yako wakae pakavu. Na ukifika umri huu wangu, mvua ikigonga bati, akupe usingizi.